Msimu wa Kwanza Ligini: Somo kwa Vikundi Vinavyopanda Daraja



Katika kutembelea vikundi tumeona jambo moja linalorudi mara kwa mara. Kikundi hakivunjiki wakati kikiwa maskini. Wakati wa kuchangishana mia mia na kupeana kwa zamu, watu huja mkutanoni na hata mvua haiwazuii. Shida huanza siku kikundi kinapopanda: kimesajiliwa, kimefungua akaunti benki, kimepata mkopo au msaada, kimeanza mradi wa kweli. Mwaka ule wa kwanza ndio unaomaliza vikundi vingi. Kufika mwisho wa mwaka, mwenyekiti na mweka hazina hawasalimiani, na daftari limepotea.

Kwa hivyo somo letu ni juu ya mwaka wa kwanza. Mfano wetu tumeuchukua kwenye mpira wa miguu, kwa sababu vijana wengi huukimbia mkutano lakini mpira hawaukimbii. Na nyinyi kina mama msiseme haya ni mambo ya wanaume. Hesabu ya timu na hesabu ya kikundi ni ndugu wa tumbo moja.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kikundi kiweze: (1) kueleza kwa nini mwaka wa kwanza ni mgumu, (2) kupiga hesabu ya msimu mzima, si ya siku ya kuanza tu, (3) kukubaliana mambo ambayo hayatabadilika hata pesa zikija.

NENO LA KUTAFAKARI

Someni pamoja Luka 14:28-30. Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza anaketi chini na kuhesabu kama mali yake itatosha kumaliza, asije akaweka msingi tu halafu watu wakamcheka. Angalieni neno hilo "kuketi". Kabla ya kusimama na kujenga kuna kuketi.

SEHEMU YA KWANZA: MIZIZI KABLA YA MATAWI

Wengi wenu mmesikia jina la Mathare United. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1994 katika mitaa ya Mathare, Nairobi, mahali ambapo watu wamebanana katika nyumba za mabati. Mwaka 1998 ikashinda Kombe la Moi Golden Cup ikiwa bado katika daraja la pili. Timu ya daraja la chini ikawapita wakubwa wote wa nchi! Mwaka 1999 ikaingia ligi kuu kwa mara ya kwanza.

Aliyetazama kutoka mbali alisema ni bahati. Lakini twende nyuma kidogo. Mwaka 1987, miaka saba kabla ya timu hiyo kuzaliwa, kulianzishwa chama cha vijana cha michezo, Mathare Youth Sports Association, ambacho watu hukiita MYSA. Mwanzilishi alikuwa Bob Munro, raia wa Kanada, pamoja na vijana wa mtaa. Watoto walikuwa wakicheza kwa mpira wa kujifungia wenyewe, makaratasi ya nailoni na kamba. Wakapewa ligi yao. Lakini kulikuwa na sharti: ukitaka kucheza, utaifanyia jamii yako kazi. Takataka zilikuwa zimeziba mitaro, maji machafu yanasimama mlangoni, watoto wanaugua. Basi timu zikatoka kusafisha.

Hapa pana jambo la kushangaza. Timu ikishinda mechi hupata pointi 3, kama kawaida ya mpira. Lakini timu ikimaliza kazi ya usafi, hupata pointi 6. Maana yake usafi mmoja ni sawa na kushinda mara mbili. Timu yenye wafungaji wazuri lakini wavivu wa kushika koleo haiwezi kuwa bingwa. Pia kijana anayejitolea sana, kwa kufundisha wadogo au kusimamia mechi, hujiwekea pointi zake mwenyewe, na pointi hizo humsaidia kupata karo, inayolipwa moja kwa moja shuleni.

Kwa hivyo timu ilipofika ligi kuu mwaka 1999 haikuwa ngeni kwa nidhamu. Wachezaji wake walikuwa wamelelewa pamoja tangu wadogo, wanajuana, na wamezoea kutumika. Hata baada ya kuingia ligi kuu, mchezaji alitakiwa kuendelea kutoa saa zake kwa kazi ya jamii.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi. Gor Mahia iliundwa mwaka 1968, na mwaka huo huo ikawa bingwa wa Kenya. Ukisikia hivyo utadhani mtoto amezaliwa leo na kesho amekimbia. Kumbe haikuwa hivyo. Gor Mahia ilitokana na kuungana kwa Luo Union na Luo Stars, na Luo Union ilikuwa imekwisha kuchukua ubingwa mwaka 1964. Jina lilikuwa jipya, miguu ilikuwa ya zamani.

Funzo: Kikundi kisiharakishe kupanda kabla watu hawajajuana. Kama nyinyi hamjaweza kutunza shilingi 2,000 za wiki bila ugomvi, shilingi 200,000 hazitawapatanisha. Zitawagombanisha zaidi.

SEHEMU YA PILI: HESABU YA MSIMU MZIMA

Sasa tuchukue chaki. Ligi kuu yetu ina timu 18. Kila timu hukutana na nyingine 17, mara mbili, nyumbani na ugenini. Basi ni mechi 34. Kati ya hizo, 17 ni za ugenini.

Timu iliyotoka daraja la chini inafurahia kupanda. Watu wanaandamana, wanapiga vigelegele, wananunua jezi mpya. Lakini jezi hununuliwa mara moja, safari ni mara 17. Wachezaji na walimu wao ni kama watu 25. Wanahitaji gari, chakula, na pengine mahali pa kulala, kwa sababu kutoka Nairobi mpaka Mombasa ni kama kilomita 480, na huwezi kushuka garini ukaingia uwanjani. Tuseme, kwa mfano tu, safari moja inakula shilingi 60,000. Mara 17 ni shilingi 1,020,000. Na hapo hatujalipa mtu mshahara, hatujanunua mpira, hatujampeleka aliyeumia hospitali.

Ndiyo sababu timu nyingi huanza msimu kwa nguvu na katikati hulegea. Wachezaji wanakaa miezi bila mshahara, wanagoma, pengine timu haifiki uwanjani na mpinzani anapewa ushindi wa bure. Hao hawakushindwa na mpira. Walishindwa na hesabu.

Tuirudishe nyumbani. Kikundi cha watu 20 kinataka kufuga kuku wa mayai 200. Katika mkutano hesabu huwa ni ya banda na vifaranga, basi, watu wanapiga makofi. Lakini kuku hatagi kesho. Atakula karibu miezi mitano kabla ya yai la kwanza. Katika muda huo kuku mmoja hula kama kilo 7. Kuku 200 ni kilo 1,400, yaani magunia 20 ya kilo 70. Akianza kutaga hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hivyo kuku 200 watataka kilo 24 kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Ongeza chanjo, ongeza makaa ya kuwapasha joto, ongeza wale watakaokufa. Mwanakikundi aliyedhani ataanza kugawana faida mwezi wa tatu, mwezi wa tatu anaombwa atoe pesa zaidi. Hapo ndipo maneno huanza: "Pesa zetu zimekwenda wapi?" Na pengine hakuna aliyeiba. Zimeliwa na kuku.

Funzo: Andikeni gharama ya kila mwezi mpaka siku pesa ya kwanza itakapoingia. Jumla hiyo ndiyo bei ya mradi. Bei ya vifaranga ni bei ya kufungua mlango tu.

SEHEMU YA TATU: MFADHILI MMOJA NI MGUU MMOJA

Nchi yetu imekuwa na timu nyingi zilizotegemea kampuni au taasisi moja. Oserian ya Naivasha, timu ya shamba la maua, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2001 na tena 2002. Utalii ilikuwa bingwa mwaka 1997. Leo hazipo ligini. Hazikukosa vipaji. Mwenye kuzilisha alipoacha, hazikuwa na jiko la pili.

Hata wakubwa waliyaona hayo. Mwezi wa Agosti 2019 kampuni ya SportPesa iliondoa udhamini wake kwa sababu ya mvutano juu ya leseni yake ya kazi. Siku hiyo moja ligi kuu, Gor Mahia na AFC Leopards wote wakapoteza mdhamini. Klabu hizo mbili zina mashabiki nchi nzima, lakini walibaki wakitafuta nauli.

Hatusemi msikatae msaada tu, wala hatusemi mkatae. Mkipewa, pokeeni kwa shukrani. Hata parokia au shirika likiwasaidia, jiulizeni: wakiondoka kesho, sisi tutafanya nini Jumatatu? Mchango wa wanakikundi usikome siku msaada unapoingia. Tumeona vikundi vikisema, "Sasa tuna mfadhili, tupumzike kuchanga." Hapo wamekata mguu wao wenyewe ili wategemee mkongojo.

SEHEMU YA NNE: KUPOTEZA MECHI SI KUPOTEZA MSIMU

Ushindi ni pointi 3, sare ni pointi 1, kushindwa ni sufuri. Timu ikishinda mara 10, ikatoka sare mara 10 na kushindwa mara 14, ina pointi 40. Angalieni vizuri: imeshindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda, na bado kwa timu mpya hiyo si aibu. Timu iliyopoteza mechi nne za kwanza imebakiwa na mechi 30. Lakini kamati nyingi hazingoji. Mechi nne tu, mwalimu amefukuzwa. Anakuja mwingine, anabadilisha kila kitu, na wachezaji hawajui wamfuate nani.

Mathare United haikupata ubingwa katika msimu wa kwanza. Ilichukua tena Moi Golden Cup mwaka 2000, ikalea wachezaji wa Harambee Stars, Dennis Oliech akiwa mmoja wao, na ubingwa wa ligi ukaja mwaka 2008. Kutoka 1999 mpaka 2008 ni miaka tisa. Na hata baada ya hapo imewahi kushuka daraja. Hakuna anayepanda mara moja akakaa juu milele, ni timu wala kikundi. Kila mwaka una kazi yake.

Funzo: Mwaka wa kwanza lengo lisiwe faida kubwa. Lengo liwe kubaki: kikundi kiwe kizima, deni limelipwa kama tulivyopatana, daftari limesomwa mbele ya wote. Kosa likitokea, chunguzeni kwanza kama ni la mtu, la hesabu, au la hali ya hewa. Kubadilisha viongozi kufanyike kwa katiba na wakati wake, si kwa hasira ya siku moja. Lakini kiongozi anayekataa kuonyesha daftari, huyo msimngoje mwisho wa msimu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

MASWALI YA KUJADILI

Gawanyikeni watu watano watano. Vijana na kina mama wachanganyike. Kila kundi lichague mtu wa kuleta majibu.

1. Kikundi chetu kiko daraja gani sasa? Tunataka kupanda lini, na kwa nini?
2. Kule Mathare usafi una pointi 6 na ushindi pointi 3. Sisi tunampa nani heshima: anayeleta pesa nyingi, au anayefanya kazi ambayo haionekani?
3. Kama mradi wetu hautaingiza hata shilingi kwa miezi mitano, nani atavumilia na nani ataondoka? Semeni ukweli bila kuoneana haya.
4. Msaada wetu mkubwa unatoka wapi? Ukikatika, tuna jiko gani la pili?
5. Mara ya mwisho daftari la pesa lilisomwa mbele ya wote ilikuwa lini?

Swali la tano lisirukwe. Kama watu watanyamaza kimya, kimya hicho ni jibu.

KAZI YA KWENDA NAYO

Kabla ya mkutano ujao, chukueni karatasi kubwa na mchore miezi 12. Chini ya kila mwezi andikeni pesa itakayotoka na itakayoingia. Miezi yenye kutoka tu, itieni alama nyekundu. Hiyo ndiyo michezo yenu ya ugenini. Kwa kila alama nyekundu, andikeni pesa itatoka wapi. Mkikosa jibu kwa miezi miwili au zaidi, punguzeni mradi: badala ya kuku 200, anzeni na 50. Kubaki daraja la chini mwaka mmoja zaidi mkijipanga si kushindwa.

Karatasi hiyo ibandikwe mahali mnapokutania, kila mtu aione, hata asiyejua kusoma aelezwe na jirani yake. Malizeni kwa sala fupi, mkiwaombea hasa mweka hazina na wale wanaotunza pesa za wengine, kwa sababu mzigo wao ni mzito na shukrani yao ni kidogo.