Somo la Afya: Kano ya Mkono Ikishonwa, Usikimbilie Mzigo

Kano ni ukanda mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Ile ya mbele ya kiwiko hukatika mara nyingi mtu anapobeba mzigo mzito, kama gunia la mahindi la kilo 90, kisha uzito ukauvuta mkono ghafla. Wanaoumia zaidi ni wanaume wa makamo.

Aliyeumia huhisi kitu kikikatika, damu huvilia kiwikoni, na msuli wa mkono wa juu hujikunja kama donge. Kukaza skrubu au kufungua kitasa huwa vigumu.

Kukandwa hakuwezi kurudisha kano kwenye mfupa. Mgonjwa afike hospitalini mapema, kwani upasuaji huwa rahisi zaidi ndani ya wiki 2 hadi 3. Akichelewa, kano hujivuta na kunata, na huenda daktari akalazimika kuiunga kwa kano nyingine. Wazee na wenye kazi nyepesi wanaweza kushauriwa kuishi bila upasuaji, ingawa nguvu ya mkono hupungua.

Baada ya upasuaji, safari ya kupona kwa kawaida huwa hivi:

Wiki 2 za kwanza: Mkono hupumzishwa na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Vidole na bega huendelea kuchezeshwa.

Wiki ya 2 hadi ya 6: Kiwiko hukunjwa na kunyooshwa polepole kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Mkono huo usiinue kitu kizito kuliko kikombe cha chai.

Wiki ya 6 hadi mwezi wa 3: Kazi nyepesi huanza, na mazoezi ya nguvu huongezwa kidogo kidogo.

Mwezi wa 4 hadi wa 6: Kazi nzito hurejewa kwa idhini ya daktari.

Kipindi cha kuangaliwa sana ni kati ya wiki ya 4 na ya 8. Maumivu yamekwisha na kidonda kimefunga, lakini kano bado haijashika mfupa barabara. Anayerudi kubeba mizigo wakati huo anaweza kuikata upya.

Wengi wanaofuata maelekezo hurudiwa na karibu nguvu zao zote. Ganzi upande wa nje wa mkono hutokea kwa baadhi yao, na kwa kawaida huisha yenyewe. Lakini mgonjwa arudi hospitalini haraka akiona usaha, akipata homa, akishindwa kunyanyua vidole au akihisi kitu kimekatika tena.

Kwa anayetegemea kibarua cha kila siku, miezi hiyo ni mirefu. Familia inashauriwa kupanga mapema nani atabeba majukumu, na mgonjwa amwombe daktari barua ya kumwonyesha mwajiri ili apewe kazi nyepesi. Wakazi ambao hawajajisajili na SHA wanahimizwa kufanya hivyo kabla ya kuugua.