Bangi ya Marekani na mkimbizi wa Nakivale: mambo ya kujua mapema

Magari yanayotoka Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hupita Kaberebere, na habari nazo hupita hapo hapo. Mojawapo huletwa na simu za ndugu walioko Marekani: kwamba kule bangi imeruhusiwa na inauzwa dukani kama soda. Habari hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumponza mkimbizi, akiwa huku au akiwa tayari ng'ambo.

Basi, Marekani imeruhusu au haijaruhusu? Nchi ile ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake na sheria zake. Juu yao iko serikali kuu, ile inayoitwa ya shirikisho. Majimbo ya Colorado na Washington yalitangulia Novemba 2012, wananchi walipopiga kura kuruhusu bangi ya starehe. Mengine yakafuata, ama kwa kura ya wananchi, kama Ohio mwaka 2023, ama kwa bunge la jimbo, kama Minnesota mwaka huo huo. Sasa yamefika 24, na kote huko mnunuzi lazima awe ametimiza miaka 21. Lakini Idaho na Texas, ambako Wakongomani wengi wamepokelewa, bado bangi ya starehe ni marufuku. Hata kuivusha kutoka jimbo linaloruhusu kwenda jingine linaloruhusu ni kosa, kwa sababu sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 bado inaihesabu bangi kuwa dawa ya kulevya iliyodhibitiwa.

Utauliza: kama jimbo limeruhusu na polisi wa jimbo hawakamati, mimi serikali kuu inanihusu nini? Inakuhusu sana, maana wewe si raia. Mambo ya wageni yote, yaani kibali cha ukaazi, uraia na kurudishwa ulikotoka, yako mikononi mwa serikali kuu, siyo ya jimbo. Mzaliwa wa Minnesota akivuta nyumbani kwake, hakuna anayemuuliza. Msomali au Mkongomani aliyetoka Nakivale akivuta kwenye nyumba ya jirani, amevunja sheria ile ile itakayotumika kupima ombi lake. Mimi naiona sheria hii kuwa kali kupita kiasi, lakini ndiyo iliyopo.

Tazama hatua zenyewe. Mkimbizi akishakaa Marekani mwaka mmoja, anatakiwa kuomba kibali cha ukaazi wa kudumu, ile kadi watu wanayoiita grini kadi. Mkimbizi halipii ada ya ombi hilo. Baada ya miaka mitano tangu kuingia, anaweza kuomba uraia, na ada iliyopangwa Aprili 2024 ni dola 760 kwa fomu ya karatasi au 710 kwa mtandao. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba apunguziwe au asamehewe. Katika hatua hizi utaulizwa kuhusu dawa za kulevya. Kukiri tu kwamba umewahi kuvuta, hata kama hukuwahi kufikishwa mahakamani, kunaweza kukuharibia ombi. Tarehe 19 Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ilieleza waziwazi kwamba matumizi ya bangi yanaweza kumnyima mtu sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa kwa uraia, hata kama jimbo lake limeyaruhusu. Kazi yenyewe pia: anayeuza kwenye duka la bangi lenye leseni, au anayefanya kibarua kwenye shamba la bangi, yumo hatarini. Kijana aliyefika juzi hujiona amebahatika kupata kazi, kumbe amejifungia mlango wa uraia.

Kuna upenyo mdogo. Mgeni mwenye kosa moja tu la kukutwa na gramu 30 au pungufu, kwa matumizi yake mwenyewe, sheria haimfukuzi nchini kwa kosa hilo peke yake. Ila akisafiri, tuseme amekuja Isingiro kuoa au kuzika, upenyo huo haumlindi akifika uwanja wa ndege kutaka kuingia tena. Mwenye kesi ya aina hiyo asipande ndege kabla ya kuonana na mwanasheria.

Mwambie ndugu yako, kwa hiyo, mambo haya: asitumie mpaka awe raia, asikubali kazi kwenye biashara hiyo, asibebe kadi ya bangi ya matibabu, wala asiweke picha za majani hayo kwenye simu au Facebook. Akiwa alikwishatumia, asidanganye kwenye fomu, kwa maana uongo nao ni kosa, lakini pia asijibu wala asitie sahihi kabla ya kupata ushauri. Shirika lililompokea mara nyingi lina mtu aliyeidhinishwa kusaidia fomu za uhamiaji, bure au kwa bei ndogo.

Na wewe ambaye bado uko Nakivale, iwe Base Camp, Juru au Rubondo, ukisubiri safari? Mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, na kesi nyingi zimekwama. Kukwama si kufutwa, kwa hiyo linda faili lako. Mkimbizi anayekwenda Marekani hupimwa afya kabla ya safari, na kipimo hicho hakilipiwi na mkimbizi. Daktari huuliza habari za ulevi na dawa. Akiona umetawaliwa na bangi, safari inaweza kuzuiwa hadi utimize miezi 12 bila hali hiyo. Atakayekwambia umpe pesa akufutie jambo hilo, au akusogezee kesi, ni tapeli. Huduma za UNHCR na za Ofisi ya Waziri Mkuu ni bure.

Turudi Uganda, maana wapo wanaosema korti ilishafuta sheria ya bangi. Ilifuta kweli: tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliitengua sheria ya dawa za kulevya ya 2015, baada ya chama cha wakulima na wauzaji wa miraa wa Wakiso kushtaki. Lakini sababu ilikuwa kwamba wabunge waliokuwa ukumbini siku ya kuipitisha hawakutimia idadi inayotakiwa. Korti haikusema bangi ni halali. Bunge liliipitisha upya mwaka huo huo, Rais akatia sahihi, na miraa, ambayo Uganda huitwa mairungi, imebanwa pamoja na bangi, ambayo wenyeji huiita enjaga. Adhabu ni faini ya mamilioni ya shilingi au miaka mingi jela, na kwa mfanyabiashara wa dawa za kulevya inaweza kufika kifungo cha maisha. Bangi inayolimwa kihalali, kama ile ya kampuni ya Industrial Globus Uganda huko Hima, Kasese, ni ya dawa, kwa leseni ya serikali na kwa soko la nje. Leseni hiyo haihalalishi mche wako mmoja nyuma ya nyumba. Ukivuka Kikagati kwenda Murongo, upande wa Tanzania, hali ni ngumu zaidi: kulima tu kunaweza kukupa miaka 30.

Ukikamatwa hapa Uganda, usikimbie wala usitoe kitu kidogo. Katiba ya Uganda inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Dhamana ya polisi, ambayo Waganda huiita bondi, haina malipo; anayedai pesa kwa ajili yake anakuibia. Usipoelewa Kiingereza au Kinyankole, omba mkalimani. Mahakamani una haki ya kupewa bila kulipa. Kwa msaada wa sheria, Refugee Law Project wana ofisi Mbarara na hufanya kazi Nakivale.

Kama shida yako ni kushindwa kuacha, anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe ndani ya makazi, uombe barua ya kwenda idara ya magonjwa ya akili ya hospitali ya rufaa ya Mbarara. Ni hospitali ya serikali, na kumwambia mganga ukweli si kujishtaki polisi.

Ukiwa na swali au malalamiko kuhusu huduma za wakimbizi, piga 0800 323232. Namba hiyo haikati pesa kwenye simu.