Mtoto Amesoma, Je, Amefahamu?

Darasa letu la mara hii lawahusu walimu wa vyuo na wa skuli, na zaidi lawahusu wazee wenye watoto.

Watoto wetu wa Mtongwe na Likoni, alhamdulillahi, wajua kusoma. Asubuhi wako skuli, jioni wako chuoni, na mtoto wa miaka kumi aweza kukusomea ukurasa mzima pasi na kukwama. Mzee akisikia hivyo moyo wake hutulia. Lakini hebu muulize mtoto huyo swali ambalo jawabu lake halikuandikwa kwa maneno yale yale ya swali. Utaona macho yake yakimbia juu ya ukurasa kutafuta neno alilolisikia. Akilipata, atakusomea sentensi yote lilimo neno hilo, ikiwa ni jawabu au si jawabu, asipolipata atakwambia, "Maalimu, haikuandikwa." Huyu hakufahamu, ametafuta tu, kama atafutaye sindano. Wala hasara yake si ndogo. Katika mtihani wa kumaliza sekondari, ufahamu una alama 15 katika karatasi ya pili ya Kiswahili, na yako maswali ya hapo yasiyojibiwa kwa kunakili. Na baada ya mtihani kuna mapatano ya kukodi nyumba, kuna karatasi za mkopo, kuna khabari za simu zisizokwisha.

Wanavyuoni wetu wana neno lao kwa jambo hili: istinbati. Asili yake katika lugha ya Kiarabu ni maji ya kwanza yanayotoka kisima kinapochimbwa. Nasi watu wa pwani twavijua visima. Maji yako chini wala hayaonekani, lakini mchimbaji hakuyatia yeye. Kazi yake ni kuyatoa yalipo. Basi na msomaji ni vivyo hivyo. Maana aliyoitoa katika maneno sharti iwe ilikuwamo.

Tazameni jambo hili lilivyokuwa zito zama za Masahaba. Imam Malik ametaja katika Muwatta kwamba aliletwa kwa Sayyidna Uthman (R.A.) mwanamke aliyezaa baada ya miezi sita, ikaamrishwa apigwe mawe. Sayyidna Ali (R.A.) akasema kuwa hukumu hiyo haimpasi. Akaonyesha aya mbili. Moja, iliyo katika Suratul Ahqaf (46:15), yataja mimba na kunyonyesha pamoja kuwa ni miezi thalathini. Ya pili, iliyo katika Suratul Baqara (2:233), yataja kunyonyesha kuwa ni miaka miwili kamili. Toa 24 katika 30, zabaki 6. Hapana aya moja iliyosema kuwa mimba yaweza kuwa ya miezi sita, na hata hivyo jambo hilo limo ndani ya aya hizo mbili kwa kila azisomaye pamoja. Sayyidna Uthman akatuma mtu kumrudisha yule mwanamke. Akakuta amekwisha pigwa mawe. Katika mapokezi mengine kisa ni cha zama za Sayyidna Umar (R.A.), na mwanamke akaachiliwa. Kwa mapokezi yote mawili, roho ya mtu ilikuwa imetungikwa kwenye namna ya kusoma.

Sasa, mtoto hufundishwaje? Si kwa kuhutubiwa kuwa afikiri. Mpe kifungu kifupi cha mambo ayajuayo. Kwa mfano: Bi. Mwanajuma alipofungua mlango alfajiri aliona mchanga wa uani umelowa, na ndoo aliyoiacha nje tupu ina maji. Akaziondoa kanga kambani akazikamua, kisha akamwambia mwanawe avue viatu avichukue mkononi. Hapo muulize: usiku kulikuwa na nini? Neno "mvua" halimo. Mmoja atasema ilinyesha. Usimsifu upesi, muulize, "Umejuaje, mwanangu?" Akuonyeshe kwa kidole: mchanga, ndoo, kanga, viatu. Mwengine atasema paa la Bi. Mwanajuma lavuja. Naye usimkemee, muulize vile vile, "Umejuaje?" Atatafuta asione mahali pa kuweka kidole chake, na atajua mwenyewe kuwa hilo amelileta kutoka kwao. Swali hilo moja, likiulizwa kila siku kwa upole, lafaa kuliko kitabu kizima cha mazoezi. Wako walimu, kwa bahati mbaya, ambao mtoto akiuliza sababu ya jambo humwambia anyamaze asome. Mtoto huyo atanyamaza, tena atanyamaza mpaka uzeeni.

Chuoni nako hapana haja ya kwenda mbali. Suratu Yusuf yasomwa na kila mtoto, na ndani yake mna kanzu. Katika aya za 25 mpaka 28 mna ushahidi wa kanzu iliyopasuliwa: ikiwa imepasuka kwa mbele, mwanamke ni mkweli, ikiwa kwa nyuma, Nabii Yusuf (A.S.) ndiye mkweli. Sababu ya kanuni hiyo haikutajwa. Waulize watoto: kwa nini nyuma? Watasimama wawili mbele ya darasa, mmoja akimbie, mwengine amshike nguo, na jawabu litakuja kwa kicheko: akimbiaye humpa mgongo amfuataye. Kisha warudishe kwenye kanzu ya kwanza, ile iliyoletwa kwa Nabii Yaaqub (A.S.) ikiwa na damu ya uwongo. Wafasiri wamesema kuwa kanzu ile haikuraruka. Waulize watoto: mbwa mwitu gani alaye mtu akaacha nguo yake nzima?

Lakini kuna mpaka, na mpaka huu twataka uangaliwe sana, kwani tumeamrishwa kujiepusha na dhana nyingi. Mfano wake uko hapa petu, nao ni mzito, wataka heshima. Tarehe 29 Aprili 1994 asubuhi, feri iliyokuwa ikitoka Mtongwe kwenda kisiwani ilipinduka, wakafa watu 272, Mwenyezi Mungu awarehemu. Feri hiyo ilikuwa ya watu 300, na yasemwa ilichukua kiasi cha 400. Kwa mistari hii msomaji aweza kusema kwa yakini kuwa feri ilizidishiwa watu. Aweza kusema kwa dhana yenye nguvu kuwa wengi walikuwa wakienda kazini, kwani ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, na kazi nyingi ziko kisiwani. Lakini hawezi kumtaja mwenye kosa, wala nia yake, kwani katika mistari hii hayamo. Atakaye kujua hayo na atafute maandiko mengine. Mwanafunzi aliyezoea kupambanua daraja hizi tatu hatakuwa wa kwanza kupeleka mbele kila uvumi wa simu. Na hiyo aya yenye kutaja istinbati (4:83) yahusu hasa wale wanaozitangaza khabari za amani na za khofu kabla ya kuzipeleka kwa wenye kuzipima.

Yuko atakayesema, "Sheikh, mwawafungulia watoto mlango wa kufasiri Qurani kwa rai zao." La. Mtoto hatoi hukumu. Aonyeshwa tu njia waliyopita wanavyuoni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapa Mombasa, aliwaandikia watu Kiswahili apate kufahamiwa, si kusomwa tu.

Mzee asiyejua pa kuanzia na aanze na kifungu hiki leo baada ya Maghribi, pamoja na watoto wake:

"Mzee Bakari alisimama ufuoni akiitazama bahari. Wavuvi wenzake walikuwa wamekwisha vuta ngalawa zao mchangani. Mkewe akaja na taa, asiseme neno, akaketi kando yake."

Ni wakati gani? Kwa nini mke hakusema neno? Nani angojewaye? Na je, kifungu chatwambia kuwa ni mtoto wao, au ni sisi tuliomtia humo?