Kamera Ipi Huuona Ufa wa Jicho Mapema?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nataka tuutazame ufa ambao hauko ukutani, bali uko machoni mwa vijana wa rika letu.

Mbele ya jicho kuna utando unaopitisha nuru, uitwao konea. Unene wake katikati ni karibu nusu milimita tu. Ugonjwa uitwao keratokonasi huufanya utando huo uzidi kukonda na kuchongoka kama ncha ya pia. Mara nyingi huanza katika ujana, na huwaandama sana wanaofikicha macho, hasa wale ambao macho huwawasha kwa sababu ya mzio. Mgonjwa huona maandishi ya ubaoni yakiwa na kivuli au yakiwa mawili mawili. Miwani hubadilishwa kila mara, lakini wapi!

Konea ikishachongoka, hairudi ilivyokuwa. Hata hivyo, ugonjwa waweza kusimamishwa. Kuna tiba iliyobuniwa Dresden, Ujerumani, na matokeo yake kwa wagonjwa yakachapishwa mwaka wa 2003. Hutumia matone ya vitamini B2 na mwanga wa ultravioleti ili kuikaza konea. Anayechelewa huenda akahitaji kupandikizwa konea ya marehemu. Mnaona basi kwa nini ni lazima tuuwahi. Hebu tulinganishe njia tatu za kuipiga konea picha.

1. Kamera ya pete
Katika karne ya 19, Mreno Antonio Plácido alitengeneza kisahani chenye pete nyeusi na nyeupe. Pete hizo huonekana juu ya konea kama sura yako inavyoonekana kwenye kioo. Konea ikiwa nzima, pete huwa mviringo. Ikichongoka, hupinda na kubanana. Siku hizi tarakilishi huzisoma na kuchora ramani ya rangi. Kifaa hiki ni rahisi kuliko vile vingine, ila huona uso wa mbele tu. Tena machozi yakikauka, picha huharibika.

2. Kamera ya Scheimpflug
Theodor Scheimpflug wa Austria aliisajili mbinu yake mwaka wa 1904 akishughulikia picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani. Nani angedhani ingefika machoni! Kamera huzunguka mbele ya jicho na kupiga picha za konea kama mkate uliokatwa vipande. Huonyesha uso wa mbele, wa nyuma, na unene wa kila mahali. Faida yake ni kubwa, kwa maana mara nyingi uso wa nyuma hubadilika kabla ya ule wa mbele. Lakini kukiwa na kovu, mwanga hutawanyika na vipimo hukosea.

3. OCT
Mbinu hii ilitangazwa Marekani mwaka wa 1991. Hutumia mwanga usioonekana kwa macho na kuzitenga tabaka za konea moja moja. Tabaka ya juu ina unene wa karibu sehemu moja ya ishirini ya milimita. Konea inapoanza kutokeza, tabaka hiyo hukonda juu ya kilele na kunenepa kandokando. Ni kama fundi aliyepiga lipu juu ya ufa: mpita njia huona ukuta laini! Kamera ya pete yaweza kudanganyika hapo, bali OCT huipima lipu yenyewe. Shida yake ni bei.

Binamu yangu alibadilishiwa miwani mara tatu kwa miaka miwili. Alipopigwa picha ya konea, jicho la kulia lilikuwa tayari na kovu. La kushoto liliwahiwa, likatibiwa, na ndilo analosomea hadi leo. Jamani, tofauti ya macho hayo mawili ni muda tu.

Kwa maoni yangu, kamera ya pete yafaa kuanzia, lakini isipoonyesha kitu tusishangilie haraka. Nyuma na unene vipimwe pia, na daktari alinganishe picha za leo na za miezi ijayo. Nasi tuache kufikicha macho. Yakiwasha, tutafute dawa. Na miwani ikibadilishwa mara kwa mara, tumwulize daktari bila haya: "Je, konea yangu imepimwa?"