Safari Ndefu Inahitaji Mkate



Vijana wenzangu, tusome Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya amechoka, amelala chini ya mti, anaomba afe. Malaika hamkemei kwamba imani yake ni ndogo. Anamgusa, anampa mkate na maji, tena mara mbili, maana safari iliyo mbele ni ndefu. Kwa nguvu ya chakula kile Eliya anatembea siku 40 hadi Horebu, mlima wa Mungu.

Sasa chukua kijana wa hapa Jangwani mwenye kisukari aina ya kwanza. Mwili wake hautengenezi insulini ya kumtosha, hivyo anajichoma sindano kila siku. Ana ndoto ya kupanda Kilimanjaro, mita 5,895. Je, inawezekana?

Inawezekana. Mwaka 2006 Geri Winkler wa Austria, mwenye kisukari hichohicho, alifika kilele cha Everest. Lakini mlima haubembelezi mtu. Kuna msafara kutoka Ireland uliopanda Kilimanjaro, na ripoti yake ikatoka 2001: wenye kisukari, kwa wastani, waliishia chini kidogo kuliko wenzao.

Kwa nini? Kule juu baridi inagandisha maji, na insulini ikiganda imeharibika. Lazima uibebe ndani ya nguo, karibu na mwili. Kipima sukari nacho kinaweza kugoma au kudanganya kwa baridi. Kupanda kunakula sukari haraka, huku kichefuchefu cha mwinuko kinakunyima hamu ya kula. Halafu uchovu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa vinaweza kuwa ugonjwa wa mwinuko au sukari kuyumba. Usikisie, pima!

Hata bila kwenda Moshi, mlima tunao. Kijana anayepandisha marobota ghorofa ya nne pale Kariakoo bila kula, akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, anaona aibu kusema. Ndugu yangu, sema. Kaa chini, kunywa soda yenye sukari au juisi, pima, kisha kula.

Na hapa niseme wazi. Wapo wanaoombewa, kisha wanatupa sindano ili kuonyesha imani. Hiyo siyo imani, ni kumjaribu Mungu. Kabla ya 1922, insulini ilipoanza kutumika kwa mgonjwa, ugonjwa huu ulikuwa kifo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kwamba dawa na tabibu vyatoka kwa Bwana. Omba, na sindano uchome. Insulini ni mkate wako wa safari.

Ukitaka kupanda, anza kliniki: panga na daktari dozi, chakula na siku za kupumzika njiani. Mwambie kiongozi wa msafara na mwenzako mmoja hali yako. Vipimo vikikataa, geuka. Aliyeshuka akiwa hai hajashindwa.

Tutafakari kwenye jumuiya:
1. Ni udhaifu gani ninauficha kwa aibu?
2. Nani kati yetu anahitaji kuguswa na kuambiwa ale?

Sala: Bwana, uliyemlisha Eliya, utupe unyenyekevu wa kupokea msaada wako, hata ukija ndani ya kichupa kidogo. Amina.