Zebaki Nyuma ya Kioo cha Kale

Miongoni mwa bidhaa za Ulaya zilizoingia katika majumba ya Unguja na Lamu katika karne ya 19 vilikuwamo vioo vya kujitazamia vyenye fremu. Mwenye kurithi kioo cha namna hiyo huuliza kwanza thamani yake. Jibu limo zaidi upande wa nyuma, na upande huo huo ndio unaoweza kumdhuru.

Kuanzia karne ya 16 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, vioo vilifanywa kwa zebaki. Fundi alitandaza karatasi nyembamba ya stani, yaani bati halisi, juu ya meza ya mawe, akaimwagia zebaki, kisha akatelezesha bapa la kioo juu yake na kuligandamiza kwa vitu vizito. Zebaki iliyozidi ilichujika kwa majuma kadhaa, ikabaki tabaka ya aloi. Ndivyo vilivyofanywa vioo 357 vya Ukumbi wa Vioo wa Versailles, Ufaransa, uliokamilika mwaka 1684. Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alivumbua njia ya kukipaka kioo utando wa fedha kwa kemikali, nayo ikaishinda zebaki taratibu.

Kuzitofautisha aina hizo mbili si kazi ngumu. Karatasi nyeupe ikisogezwa mbele ya kioo, taswira yake katika aloi ya zebaki huelekea kijivu au buluu iliyofifia. Katika fedha huwa na umanjano kidogo. Kwa nyuma aloi humetameta bila ya kupakwa kitu, hali fedha hufunikwa kwa rangi au vanishi. Skurubu za fremu nazo hutazamwa, ila ni shahidi dhaifu, kwani hubadilishwa. Rangi ya unga wa shaba hugeuka kahawia. Dhahabu halisi haigeuki.

Mnunuzi mjuzi hatafuti ung'avu. Madoa ya kijivu huthibitisha kwamba kioo ni kile kile cha awali, na kukikwangua ili kipakwe upya hupunguza thamani yake. Tena humhatarisha mkwanguaji. Aloi inapozeeka, zebaki hujitenga na kuteremka hadi ukingo wa chini wa fremu. Metali hii, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita wanaifahamu vema, hutoa mvuke hata katika joto la kawaida la chumba. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, nao huharibu neva na figo.

Kwa hiyo kioo cha aina hii kisilazwe wala kupinduliwa, na kisiwekwe karibu na jiko. Matone yakionekana, watoto waondolewe na madirisha yafunguliwe. Ufagio usitumike, kwa kuwa huyavunja matone yakawa madogo zaidi. Yakusanywe kwa karatasi ngumu, yatiwe katika chupa yenye kifuniko cha kubana, na kamwe yasimwagwe katika karo la maji.