Gari la Kukodi Italia: Haki Zako Kabla ya Ufunguo na Baada ya Barua

Barua ilinikuta mwezi wa pili, baridi ikiwa bado imekaza. Tulikuwa tumekwenda Toscana mwezi wa nne wa mwaka uliotangulia, siku tano tu: mimi, mume wangu, na mama mkwe kiti cha nyuma akihesabu mashamba ya mizabibu. Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa nne zenye nembo ya manispaa, namba za lile gari tulilokodi, tarehe, saa na dakika, na jina la mtaa nisioukumbuka hata kidogo. Miezi kadhaa kabla ya hapo kampuni iliyotukodisha gari ilikata pesa kwenye kadi yangu na kuandika kwamba ni gharama ya kushughulikia faini. Nilidhani hiyo ndiyo faini yenyewe, nikaona yamekwisha. Kumbe faini ilikuwa bado iko njiani.

Kila majira ya kuchipua yanapokaribia napokea maswali ya aina hiyo kutoka kwa ndugu zetu wanaoishi Ujerumani, Uholanzi, Uingereza, na kwa wanaotoka Nairobi au Dar es Salaam kuja kuwatembelea watoto wao. Pasaka ina siku za mapumziko, tiketi za kwenda Pisa au Bergamo zina nafuu, na gari dogo la kukodi linawafikisha mahali ambapo treni haifiki. Nawashauri waende. Ila nawaomba wajue kwamba katika safari ya namna hii haki zao zinategemea karatasi na saa: karatasi gani uliisaini, ipi uliipokea, na siku ngapi zimepita tangu hapo.

Tuanze na leseni, maana hapo ndipo safari za wengi hufia dawatini. Leseni ya nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya inatosha Italia, na leseni ya kadi ya Uingereza pia inakubaliwa. Mwenye leseni ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anatakiwa awe na kibali cha kimataifa cha kuendesha, au tafsiri rasmi ya leseni yake kwa Kiitaliano. Kibali hicho hutolewa na chombo kilichoidhinishwa katika nchi iliyotoa leseni, na peke yake si kitu. Lazima kiambatane na leseni yenyewe. Vile vijitabu vinavyouzwa mtandaoni kwa dakika kumi, vikiwa na mihuri mizuri na ahadi ya kutumika dunia nzima, usivinunue. Askari wa barabarani havitambui, na bima inaweza kuvitumia kama sababu ya kukukana.

Kuna kosa jingine ambalo watu wetu hulifanya bila kujua. Ukishahamia Ujerumani, leseni ya nyumbani inakuruhusu kuendesha huko kwa miezi sita tu. Uingereza ni miezi 12. Muda huo ukishapita na hujapata leseni ya nchi unayoishi, usijipe moyo kwamba Italia ni nchi nyingine na mambo yatakuwa mengine. Ajali ikitokea, swali la kwanza litakuwa kama dereva alikuwa na leseni halali.

Nao wanaoishi Uingereza kwa kibali cha ukaazi wakumbuke kwamba kibali hicho hakifungui mlango wa Italia. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen: ada ya mtu mzima ni euro 90, na maombi hupelekwa si zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Anayeishi ndani ya Schengen kwa kibali halali haombi viza, bali abebe pasi na kibali vyote viwili. Hoteli itavitaka, kwa kuwa sheria ya Italia inazitaka hoteli ziandikishe kila mgeni kwa polisi.

Sasa gari. Unapokodi kupitia tovuti ya wakala mara nyingi unaingia mikataba miwili bila kutambua, mmoja na wakala na mwingine na kampuni utakayoikuta uwanja wa ndege. Wakala amekuuzia “bima kamili” kwa bei ya kuvutia. Ukifika dawatini unaambiwa bima hiyo haitambuliwi hapo, ununue nyingine au uache amana kubwa kwenye kadi. Hapo watu hukasirika, na kwa kweli inaudhi, lakini ujue kilichotokea: bima ya wakala hukurudishia pesa baada ya wewe kwanza kuilipa kampuni. Ina maana yake na thamani yake, ila haiondoi amana. Hulazimiki kununua bima ya dawatini ukiwa na kadi inayobeba amana iliyotajwa kwenye mkataba. Bima ya lazima, ile ya kuwalipa watu wengine utakaowadhuru, imo tayari katika bei ya kila gari la kukodi Italia. Zinazobaki ni za kulilinda gari lenyewe, na humo kuna sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Waitaliano huiita franchigia. Uliza ni kiasi gani, kisha uliza kama vioo, tairi na chini ya gari vimo. Aghalabu havimo.

Kadi iwe ya mkopo na iwe kwa jina la dereva anayesaini. Kadi ya mume haimsaidii mke akiwa ndiye dereva, hata kama wamefunga ndoa miaka 30. Amana inashikiliwa tu, haijakatwa. Gari likirudi salama inaachiliwa, ingawa benki huchukua siku kadhaa.

Kabla hujageuza ufunguo, zunguka gari na simu mkononi. Piga picha pande zote nne, paa, rimu, kioo cha mbele, kipimo cha mafuta na dashibodi ikionyesha kilomita. Kila mkwaruzo uandikwe kwenye fomu ya kampuni. Mfanyakazi akisema “huo mdogo, hauna shida,” mwombe kwa upole auandike hivyo hivyo, na usiondoke mpaka auandike. Fanya vilevile siku ya kurudisha, hasa ukiacha ufunguo kwenye sanduku alfajiri pasipo mtu. Nimeshughulikia migogoro mingi ya mkwaruzo ulioonekana baada ya mteja kuondoka, na karibu yote iliamuliwa na picha: aliyekuwa nazo alirudishiwa pesa zake, asiyekuwa nazo alilipa.

Jambo dogo kuhusu saa, kwa sababu sisi tunahesabu kwa njia yetu. Ukikubaliana na ndugu yako kwa simu kwamba gari linarudi saa tatu asubuhi, hakikisha kwenye mkataba imeandikwa 09:00 na si 03:00. Tena Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu Italia na nchi nyingi za Ulaya husogeza saa mbele kwa saa moja. Wanaorudisha gari asubuhi hiyo huchelewa bila kujua, na kuchelewa kunaweza kutozwa kama siku nzima.

Ukishasaini usitegemee ile haki ya kujitoa ndani ya siku 14 inayotajwa kila unaponunua kitu mtandaoni Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 imeutoa ukodishaji wa magari wa tarehe maalumu nje ya haki hiyo. Unachobaki nacho ni masharti ya kufuta yaliyomo kwenye mkataba wako, kwa hiyo yasome kabla ya kulipa.

Barabarani, mtu aliyejifunzia kuendesha Mombasa au Arusha atajikuta upande wa kulia, na kipilefti kinazungukwa kinyume na alivyozoea. Mwendo wa juu ni kilomita 130 kwa saa kwenye barabara kuu za kulipia, 110 mvua ikinyesha, na 50 mijini. Mwaka 2024 Bologna ilishusha mitaa yake mingi hadi 30. Mtoto aliye chini ya sentimita 150 anahitaji kiti chake. Simu mkononi ni hatari kwa mfuko pia: tangu Desemba 2024 faini yake inaanzia euro 250, na leseni husimamishwa. Ukielekea milimani, barabara nyingi hudai tairi za baridi au minyororo hadi tarehe 15 Aprili. Pasaka ikiangukia mapema, idai kampuni ikupe. Na kwenye pwani ya Amalfi, ile barabara nyembamba inayoning’inia juu ya bahari, wiki ya Pasaka na siku za kuzunguka tarehe 25 Aprili magari huruhusiwa kwa zamu kulingana na namba ya mwisho, shufwa au witiri. Soma tangazo la mwaka wako kabla ya kulipia hoteli ya huko.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Miji ya kale ya Italia, Firenze, Pisa, Siena, Lucca, Roma na mingine mingi, imezungushiwa eneo linaloitwa Zona a Traffico Limitato, ZTL kwa kifupi. Hakuna geti wala askari. Kuna kibao chenye duara jekundu, ubao wa taa, na kamera. Ubao ukiandika “varco attivo”, wageni wengi husoma kwamba njia iko wazi. Maana yake ni kinyume: ulinzi unafanya kazi, usiingie. “Varco non attivo” ndiyo ruhusa. Ramani ya kwenye simu haitakuokoa, wala kumfuata Mtaliano aliye mbele yako, maana yeye pengine anaishi humo.

Hoteli yako ikiwa ndani ya eneo hilo, mara nyingi inaweza kuipelekea manispaa namba za gari lako ili uruhusiwe kufika na kushusha mizigo. Iombe kwa barua pepe, wala si kwa mdomo, na uitunze barua ya kukujibu mwaka mzima. Hiyo ndiyo itakuwa shahidi wako.

Mwaka mzima nausema kwa makusudi. Anayeishi nje ya Italia anaweza kupelekewa hati ya kosa ndani ya siku 360, na kwa gari la kukodi hesabu inaweza kuanza siku manispaa ilipoletewa jina lako na kampuni. Ndiyo maana pesa hukatwa kwanza kwenye kadi: kampuni inatoza ada ya kutoa jina lako kwa wakuu. Ada hiyo inasimama juu ya mkataba tu. Kama haimo kwenye mkataba uliosaini, ikatae kwa maandishi na upeleke malalamiko benki.

Hati yenyewe ikifika, andika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea. Hati halali hutaja namba za gari, mahali, saa, kifungu cha sheria, na ofisi ya kukatia rufaa. Faini ya ZTL inaanzia euro 83, na juu yake gharama za kutuma. Ukilipa ndani ya siku tano unapunguziwa asilimia 30. Ukilipa baada ya hapo lakini ndani ya siku 60, unalipa kiwango cha chini kilichotajwa. Baada ya siku 60 deni huruka juu sana.

Ukiamini umeonewa una njia mbili, na uchague moja. Ya kwanza ni kumwandikia Prefetto, mwakilishi wa serikali mkoani, ndani ya siku 60; haina ada, lakini ukishindwa utatozwa angalau mara mbili ya kiwango cha chini. Ya pili ni kwenda kwa Giudice di Pace, hakimu wa kesi ndogo, ambapo mkazi wa nje ana siku 60 pia na kwa faini ndogo hulipa ada ya mahakama ya euro 43. Ukishalipa faini umefunga milango yote miwili, hata ungekuwa na ushahidi wa dhahabu. Mimi nilisoma, nikatazama ile picha ya kamera, nikaliona gari letu waziwazi chini ya kibao. Nikalipa siku ya tatu. Rafiki yangu aliyekuwa na barua pepe ya hoteli yake hakulipa, aliituma kwa Prefetto, na hati yake ikafutwa.

Kunyamaza sikushauri, hasa ukiishi ndani ya Umoja wa Ulaya: faini inayofika euro 70 inaweza kupelekwa katika nchi yako na kudaiwa huko.

Askari akikusimamisha njiani, mpe leseni, pasi na karatasi za gari. Gari lenye namba za kigeni hutakiwa kulipiwa faini papo hapo au kuwekewa dhamana, la sivyo huzuiliwa. Gari ulilolikodi Italia lina namba za Italia, kwa hiyo sharti hilo halikuhusu, hati itakufuata. Ukitoa pesa yoyote, dai risiti. Una haki ya kutaka maneno yako yaandikwe ndani ya hati, na saini yako ni ya kupokea tu. Kipimo cha pombe usikikatae, kwani kukataa ni jinai. Kabla ya kupimwa askari anatakiwa akujulishe kwamba unaweza kusaidiwa na wakili, ingawa halazimiki kumsubiri. Jambo likifika kuwa jinai, sheria ya Ulaya inakupa mkalimani bila malipo.

Ikitokea ajali, vaa koti la kuakisi mwanga ndani ya gari kabla hujashuka, weka pembetatu mita 50 nyuma, piga 112 kama kuna majeruhi. Fomu ya pamoja ya ajali ina mpangilio uleule kila nchi ya Ulaya, kwa hiyo chapisha ya lugha unayoijua uilinganishe na ya kwao. Usisaini sehemu usiyoielewa.

Na mgogoro na kampuni ukigoma kuisha, mkazi wa Umoja wa Ulaya, Norwe au Iceland anaweza kwenda Kituo cha Wateja cha Ulaya cha nchi yake, ambacho huzungumza na mwenzake wa Italia bila malipo. Wanaoishi Uingereza waliolipa kwa kadi ya mkopo, kwa huduma inayozidi pauni 100, wanaweza kuidai benki yao moja kwa moja chini ya kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974. Peleka mkataba, picha, na tarehe ulizoandika juu ya bahasha.